Risala ya klabu ya mazingira na akina mama wa mwani, Paje, kuelekea onesho la kwanza la filamu yao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wetu, akina mama wa mwani na wanafunzi wenzetu,

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa skuli tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitika wito wetu na kuja mpaka huku Paje. Akina mama wameomba tukwambie kwamba nao wametoka pwani mapema kwa ajili yako. Maji bado hayajajaa, na kawaida saa hizi wangekuwa wameinama kwenye kamba za mwani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekuita kukukabidhi tiketi ya mwanzo kabisa ya filamu yetu ya makala na kukuomba utusaidie kuitangaza. Filamu inahusu mwani, joto la bahari na mabadiliko ya tabianchi. Wapigapicha ni sisi wanafunzi. Wasemaji ni hawa akina mama mnaowaona mbele, hakuna hata mmoja aliyeandikiwa la kusema.

Kilimo cha mwani kilianza hapa Paje na kwa jirani zetu wa Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, yaani vipande vya mwani wenyewe. Humu ndani wamo bibi zetu waliofunga mbegu zile za mwanzo kwa mikono yao. Leo Zanzibar ina wakulima wa mwani zaidi ya 20,000, na walio wengi kabisa ni wanawake. Sare tulizovaa zimenunuliwa na mwani. Madaftari pia, na mabati ya nyumba nyingi ulizozipita ukija. Mwani wenyewe huenda ng'ambo kutolewa ute unaotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi, na huko wengi wanaoutumia hawajui kama kuna mtu anasimama majini kwa ajili yake.

Picha ya kwanza ya filamu haina maneno. Mama mmoja anainua kamba kutoka majini. Tulitaraji mashada ya mwani yaning'inie. Badala yake matawi yameingia weupe, yamelegea kama wali uliozidi maji, na kila anapovuta kamba yanakatika na kuanguka. Zinabaki taitai tu, vile vikamba vya kufungia mbegu, moja baada ya moja, mpaka mwisho wa kamba. Anakaa kimya muda mrefu, halafu anaikunja kamba vizuri, kama mtu anayekunja nguo ya marehemu. Mwalimu wetu alisema tuipunguze picha ile kwa sababu ni ndefu. Tulimwomba aiache, akakubali.

Aina inayoumia zaidi ni cottonii, ambayo ndiyo yenye bei nzuri. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kufa katika mashamba ya maji madogo hapa Unguja, wakulima wakabaki na spinosum, inayovumilia zaidi lakini inalipa kidogo. Watafiti, akiwemo Dk. Flower Msuya aliyekuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, wameeleza kwa miaka mingi kwamba joto la maji ni sababu kubwa. Bahari za dunia zimebeba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na hewa ukaa na gesi nyenzake. Wavuvi wetu walikwisha kuliona hilo mwaka 1998, matumbawe yalipopauka na kufa katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi magharibi. Na hewa hiyo haikutoka kwenye majiko ya Paje. Afrika yote huchangia chini ya asilimia 4 ya gesi hizo.

Hata hivyo, Mheshimiwa, hatukutaka kusema uongo. Filamu haisemi kwamba kila shida ya mwani ni ya tabianchi. Mbegu imekatwakatwa na kupandwa upya tangu bibi zetu, imechoka. Bei nayo ni ndogo, na akina mama wanalisema hilo kwa ukali kuliko tulivyotarajia. Tumeyaacha yote ndani.

Kazi ya kupiga picha haikuwa nyepesi. Simu moja ilitumbukia majini na picha za mwezi mzima zikapotea nayo. Upepo wa kusi ulikuwa unameza sauti, mpaka bibi mmoja akatuchania kipande cha kanga tukafungia kinasa sauti. Sehemu yote ya mwisho ya filamu imerekodiwa kwa kanga ile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, onesho la kwanza litakuwa Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, mahali ambapo Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi limekuwa likifanyika tangu mwaka 1998. Tulipewa kwanza usiku wa Jumamosi moja, tukarudi nao kwa furaha. Akina mama wakahesabu mwezi, wakasema haiwezekani, ni bamvua. Bamvua ndiyo siku za kazi. Maji hukupwa sana, mtu anafika shambani kwa miguu, na asiyefunga mbegu siku zile anasubiri karibu wiki mbili. Mtu aliyerudi kutoka mjini saa saba za usiku atakuwaje majini asubuhi? Basi tulirudi mjini kuomba tarehe nyengine, na sasa onesho ni usiku wa siku ya nane ya mwezi mwandamo, maji yakiwa mafu. Kwetu sisi filamu hii haina maana ikioneshwa kwa watu wa mjini na wageni peke yao, na wenye kamba wako kijijini wanasimuliwa.

Na hapo ndipo ombi letu la kwanza linapotoka. Kutoka hapa mpaka mjini ni karibu kilomita 50, na usiku ule gari za abiria za kurudi huku hakuna. Tunaomba utusaidie mabasi mawili ya kuwapeleka na kuwarudisha akina mama.

Pili, tunaomba sauti yako. Mabango tumechora wenyewe, na kionjo cha dakika mbili kinazunguka kwenye simu, lakini neno lako redioni litafika Makunduchi, Chwaka na Nungwi kwa siku moja. Tunaomba hasa uwaalike wataalamu wa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Baada ya filamu akina mama watabaki kujibu maswali, na wao wana maswali yao. Cottonii bado inaweza kustawi kwenye maji ya kina, ambako joto ni dogo. Kule hakufikiki kwa miguu. Panataka boti, na panataka mtu anayejua kuogelea, na katika hawa waliokaa mbele yako wanaojua ni watatu. Wanataka kuuliza nani atawafundisha, na lini.

Tatu, baada ya mjini tunataka kuivusha filamu kwenda Pemba, ambako ndiko mwani mwingi wa Zanzibar unakotoka sasa. Tuna shuka jeupe la kuoneshea. Projekta na jenereta hatuna.

Tiketi yako, Mheshimiwa, ni hii, ina namba moja. Mstari wa mbele wote ni wa akina mama, na kiti chako tumekiweka katikati yao, baina ya yule bibi wa kanga na yule mama wa kamba.

Tunaomba kuwasilisha.