Vijana wa Malindi waanze na F-5

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee vijana wa hapa Malindi wanaorusha ndege za kivita kwenye kompyuta nyumbani. Wazazi wengi huwatia kapu moja na wanaoshinda vibandani wakicheza gemu za mpira. Si haki. Simuleta kama DCS World huiga ndege swichi kwa swichi. Pampu ya mafuta usiyoiwasha haijiwashi, na asiyejua kusoma geji haondoki hata pale ndege ilipoegeshwa.

Kosa la vijana wenyewe ni pupa. Kila anayeanza anataka F-16 au F/A-18, ndege ambazo kompyuta zake humrekebishia rubani makosa kabla hajayajua. Mimi nasema waanze na F-5E. Kwetu si ngeni: Jeshi la Wanahewa la Kenya limekuwa likiitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kituo chake ni Laikipia, kule Nanyuki. Swichi zake ni chache kiasi cha kukaa kichwani, na kila moja ina sababu yake.

Chukua kuwasha injini tu. Ndege hii haijianzishi yenyewe. Inahitaji hewa ya kusukumwa kutoka mashine ya chini. Washa betri na pampu za mafuta, kisha waite mafundi wa chini kwa redio waunganishe hewa na kuifungulia injini ya kushoto. Tazama geji ya mzunguko wa injini. Ikifika asilimia 10, bonyeza kitufe cha kuwashia, halafu sogeza mkono wa gesi hadi mwendo wa chini kabisa. Ukimwaga mafuta kabla ya hapo, hewa inayopita ndani huwa haitoshi, na joto la moshi hupanda likahatarisha injini. Ukichelewa nako, cheche zina muda wake. Zikizima unaanza upya. Mzunguko ukitulia karibu asilimia 50, washa jenereta, hamishia hewa injini ya kulia, rudia. Kijana akielezwa kwa nini hatua moja hutangulia nyingine, amejifunza fizikia ya injini ya jeti bila kujua kwamba yuko darasani.

Kabla ya kuruka, wengi husahau swichi inayorefusha mguu wa mbele. Mguu huo huinua pua ili mbawa, ambazo ni ndogo sana, zishike hewa mapema. Ukiusahau, ndege hukimbia njia nzima na bado iko chini. Hewani, rada yake haichuji mwangwi wa ardhi, kwa hivyo adui aliye chini yako hupotelea ndani yake. Shuka chini yake umtafute dhidi ya anga tupu. Kutua kunataka kasi ya nodi (maili za baharini kwa saa) 150 hadi 160 hivi kulingana na mafuta yaliyobaki. Magurudumu ya nyuma yakigusa, shikilia pua juu mwili wa ndege upunguze kasi, ndipo ufungue parashuti ya mkiani. Anayekanyaga breki mapema huchoma matairi.

Kuhusu kompyuta, RAM ya GB 16 inafungua programu lakini inakwamakwama. GB 32 ndiyo inayostarehesha, na diski iwe SSD. DCS yenyewe ni bure, ikiwa na ndege ya Kirusi Su-25T ya kujifunzia. F-5E inauzwa, lakini kuna nafasi ya kuijaribu siku 14 bila malipo. Mzigo hasa ni bando, maana mafaili hupita GB 100 kwa urahisi. Mmoja apakue, wengine wanakili kwa diski ya nje, kisha kila mtu aiache programu ikague mafaili na kushusha yaliyopungua tu. Folda ya mipangilio ya vitufe iwekewe nakala kando. Ikipotea, kupanga upya ni kazi ya jioni nzima.

Kifaa kinachobadilisha kila kitu ni cha kufuata kichwa, ili ukigeuka shingo nayo picha igeuke. Cha dukani ni ghali, lakini fundi yeyote wa simu anaweza kukiunda. Unahitaji taa tatu za LED za infraredi, rezista ya omu 22 na waya wa USB uliokufa. Unganisha taa kwa mfululizo pamoja na rezista, waya mwekundu upande wa chanya, mweusi hasi. Wa kijani na mweupe ukate na uzibe. Zifunge kwenye kofia, mbili pembeni, moja juu katikati. Mwanga wake hauonekani kwa jicho, kwa hivyo zitazame kwa kamera ya simu: zikiwa nzima zitang'aa rangi ya zambarau. Zisipong'aa, kwa kawaida moja imegeuzwa. Kamera ya kompyuta nayo itolewe kile kioo kidogo cha kuchuja infraredi nyuma ya lenzi, na mbele iwekewe kipande cheusi cha filamu ya zamani ya picha. Programu ya bure ya opentrack, inayofuata taa hizo kupitia kamera, humaliza kazi. Jua la dirishani pia lina infraredi na litaivuruga, basi fungeni pazia.

Pwani yetu ina adui wake: chumvi na unyevu. Joistiki zenye sensa za kaboni huanza kutetemesha ndege yenyewe kwa yenyewe. Nunua yenye sensa za sumaku. Hata joistiki ya T.16000M, ambayo mkono wake mkuu ni wa sumaku, sensa ya kuuzungusha mkono huo kama usukani bado ni ya kaboni na ndiyo inayokufa kwanza. Dawa yake ni spirei ya kusafishia viunganishi vya umeme, na kifaa kihifadhiwe kwenye boksi lenye vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya.

Mji huu si mgeni wa teknolojia ya anga. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, papa hapa Ghuba ya Ngwana. Nawaomba wenye vibanda vya gemu watenge mashine moja yenye joistiki ya sumaku, kofia ya taa tatu na UPS (betri ya akiba ya kompyuta), kwa sababu umeme ukikatika programu ikiwa inaandika diskini, mafaili huharibika. Nawe, Mhariri, ukurasa wako wa teknolojia uchapishe orodha nzima ya kuwashia F-5E, kwa Kiswahili, kijana aikate na kuibandika kando ya skrini.

Mpenzi wa ndege,
Shella, Malindi