Tope la mitaro lizolewe siku hiyo hiyo

Mhariri,

Nachangia hoja ya usafi wa Jiji la Dar es Salaam. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini mitaro ingali inaziba, sasa kwa chupa tupu za maji.

Kinachoudhi zaidi ni uzibuaji wenyewe. Vijana huingia mtaroni na makoleo, wakatoa tope jeusi na kulirundika ukingoni, kisha gari la kulizoa halionekani. Ikinyesha mvua moja tu, lote limerudi lilikotoka. Tunalipia kazi ileile mara mbili, na wakazi wa bonde la Jangwani wanakumbwa na mafuriko kama kawaida!

Napendekeza mkandarasi asilipwe hadi mwenyekiti wa mtaa athibitishe kwa saini kuwa tope limeondolewa. Utaratibu huo uanzie Kariakoo, kabla ya masika.

Mkazi wa Ilala,
Dar es Salaam