Shukrani kwa fundi aliyetutoa kwenye lifti, Kariakoo

Jumanne jioni umeme ulikatika nikiwa ndani ya lifti na mama yangu, mgonjwa wa presha, kati ya ghorofa ya 5 na ya 6. Giza, joto, na mama akaanza kuhema.

Nikabonyeza kengele. Fundi wa jengo alifika mlangoni na kwanza kabisa akazungumza na mama: "Shikamoo mama. Hewa haiishi humo, kuna matundu. Wala haianguki, kamba za chuma ni kadhaa, na ikishuka kwa kasi kuna breki inayobana reli. Kaeni chini, msiguse mlango." Baadaye alinieleza kwamba hatari kubwa ni mtu kujirusha nje mwenyewe, akateleza shimoni.

Akamwacha mlinzi aendelee kutuongelesha, akapanda chumba cha mashine. Alizima swichi kuu ili umeme ukirudi ghafla lifti isiondoke, kisha akaachia breki ya mashine kwa mkono, kidogo kidogo. Tulikuwa wawili tu, hivyo uzito unaoning'inia upande wa pili wa kamba, mzito kuliko sisi na lifti, ukatuvuta juu taratibu hadi usawa wa ghorofa ya 6. Akashuka mbio, akafungua kwa ufunguo wa pembetatu, akamshika mama mkono.

Hela ya soda alikataa, na jina sikuuliza. Kaka, asante sana. Mama anakuombea dua.

Nanyi mnaoishi ghorofani, kesho ulizeni: ufunguo wa lifti yenu uko wapi, na nani amefundishwa kuutumia?