Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tupime maji na chumvi kabla ya kupanda

Wanachama wenzangu salaam, natumai wote wazima. Mambo ya hesabu nayapitia haraka mana mhazini kashaweka karatasi zake kwenye grupu na zimekaguliwa, ada zinaingia japo kwa kusukumana, kitalu kiko vizuri. Nitakalokaa nalo ni miche yetu ya mikoko inayokufa baada ya kupandwa, hilo ndo limeulizwa kila kikao na majibu tunayopeana, mara mbegu mbaya, mara kaa wamekula, mara jua, mimi hayaniridhishi.

Tuanze na maji. Watu wanasema mti wa kinamasi unapenda maji, sawa, ila mche bado sio mti. Udongo ukifunikwa na maji hewa haipiti, oksijeni inapenya kwenye maji polepole mara kama 10,000 kuliko kwenye hewa, na ile kidogo iliyokuwemo bakteria wanaimaliza ndani ya siku chache tu, wakiikosa wanahamia kupumulia kemikali nyingine, naitreti, kisha chuma, mwisho wanageukia salfeti (chumvi yenye salfa) ambayo maji ya bahari yamejaa tele, na hapo ndo unasikia harufu ya mayai viza ukikanyaga tope. Gesi ile ni sumu kwa mizizi. Mchu (aina mojawapo ya mikoko) ukiwa mkubwa una mizizi ya kupumulia imechomoza juu ya tope, mche mdogo hauna, na maji yakipita juu ya majani ndo umezibwa kabisa.

Waliokuja bamvua iliyopita (siku zile maji yanapanda sana) waliona tulivyong'oa miche miwili ya mstari mmoja. Ule uliokufa mizizi myeusi, laini, inakatika ukiigusa. Mzima mizizi yake imevaa kitu kama kutu, rangi ya udongo mwekundu. Ile ni chuma imekutana na oksijeni inayovuja kutoka kwenye mzizi wenyewe, yaani mche unavuta hewa juu na kuishusha hadi chini kwa vijinjia vyake vya ndani. Kwa hiyo mkikagua msiishie kuangalia majani, chimbeni kidogo muone mizizi.

Sasa chumvi. Bahari ina kama gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Chumvi ikizidi mzizi unashindwa kunywa hata kama umesimama majini, halafu sodiamu na kloridi zinajikusanya kwenye majani, ncha na kingo zinaungua. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya matao, unachuja chumvi nyingi mizizini, mchu unaitoa kupitia majani (lamba jani lake utaamini), lakini hata hiyo miti ikiwa michanga mara nyingi inakua vizuri zaidi kwenye maji yaliyochanganyika na ya mvua. Na msidhani kupanda juu, kunakofikiwa na bamvua peke yake, ndo salama, maji yakikauka pale chumvi inabaki hadi inapita ya bahari yenyewe.

Ubaya ni vikija vyote pamoja. Kuizuia chumvi kunataka nguvu, nguvu inataka oksijeni, mzizi uliokosa hewa unaachia chumvi ipande juu. Miti ya saipresi ya vinamasi kule Louisiana, Marekani, inavumilia mafuriko ya maji baridi (yasiyo na chumvi) kuliko miti mingi, ila mfereji wa meli wa Mississippi River Gulf Outlet uliokamilika miaka ya 1960 uliingiza maji ya chumvi na misitu mikubwa ikafa, mfereji ukaja kufungwa kwa mawe mwaka 2009. Miti mizima hiyo, sembuse miche. Na Ufilipino walipanda mikoko kwa wingi chini kabisa kwenye matope kwa sababu eneo lilikua wazi na halina mwenyewe, sehemu nyingi ikapona asilimia 10 hadi 20 tu.

Kwa hiyo msimamo wangu, na kamati imeuunga mkono ingawa sio wote walifurahi: mwaka ujao hatuongezi viriba (vifuko vya kuoteshea miche). Tunanunua refraktomita ya kupimia chumvi na tunasimika vijiti vya alama tuone maji yanafika wapi na yanakaa muda gani, bamvua na maji mafu (siku ambazo maji hayapandi sana). Kupanda tutapanda baada ya mvua chumvi ikishapungua, tuanzie maji mafu ili miche ishike kabla haijazamishwa, na kitaluni wiki za mwisho tumwagilie maji yaliyotiwa chumvi kidogo kidogo, sio mche umelelewa kwa maji baridi tu halafu ghafla unatupwa baharini. Wafadhili wanapenda idadi ya miche iliyopandwa, najua, ila mimi ripoti ijayo nitaandika iliyo hai baada ya mwaka, hata ikiwa aibu.

Refraktomita ikifika itakaa kwa msimamizi wa kitalu, anayeitaka aseme mapema, na ukimaliza suuza kioo kwa maji baridi, ukifute kwa kitambaa laini, sio kwa shati lenye mchanga.