Ajira za madaktari wa meno ziende pamoja na vifaa vyao

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na vijana waliomaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, pamoja na wazazi wao, na kwa njia hiyo niwafikie pia wanaopanga bajeti za afya katika halmashauri zetu. Kila matokeo yanapotangazwa, wazazi huniuliza kama udaktari wa kinywa na meno una ajira. Jibu lililozoeleka ni kwamba madaktari hawa ni wachache, hivyo kazi haziwezi kukosekana. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi katika hospitali ya wilaya, na naona jibu hilo linawapotosha vijana.

Wagonjwa wapo, tena wengi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa karibu watu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa. Huku kwetu Singida, kama ilivyo Arusha, Manyara na Kilimanjaro, kuna pia meno ya kahawia yatokanayo na floridi iliyozidi katika maji ya baadhi ya visima na chemchemi, na utamwona binti akiziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka. Hata hivyo, wingi wa wagonjwa hauzai nafasi za kazi. Nafasi hutokana na ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, kibali cha ajira na bajeti ya mishahara, na ndiyo maana mhitimu aliyesoma miaka mitano, akamaliza mwaka wa mafunzo kwa vitendo na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, anaweza kukaa nyumbani akisubiri tangazo huku wilaya nzima ikimhitaji.

Kinachoniumiza zaidi ni hali ya yule aliyebahatika kuajiriwa. Kijana aliyefundishwa kuziba meno, kutibu mzizi wa jino na kutengeneza meno bandia anakabidhiwa chumba chenye kiti kisichoinuka, kompresa mbovu na koleo za kung'olea. Mgonjwa anafika na tundu ambalo lingezibwa kwa nusu saa. Daktari analiona, anajua la kufanya, kisha anachoma ganzi na kuling'oa jino hilo kwa sababu dawa ya kuziba iliisha robo ya mwaka iliyopita na haijaagizwa nyingine. Akiendelea hivyo mwaka mzima mikono yake inasahau, na siwezi kumlaumu akiacha kazi na kwenda kliniki binafsi ya Dar es Salaam, ambako wenzake wamekwisha kujazana wakigombea wagonjwa wenye bima.

Wapo watakaosema kuwa vifaa vya meno ni ghali. Kiti kamili ni ghali kweli, wala sitaki kulificha hilo. Lakini katikati ya miaka ya 1980 ni hapa hapa Tanzania, kupitia shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikoanzia njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu na kuziba kwa saruji maalumu inayonata kwenye jino na kutoa floridi kidogo inayolilinda, bila mashine, bila umeme, na mara nyingi bila hata sindano ya ganzi. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo mwaka 1994 na leo inatumika katika nchi nyingi. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika nchi ilikozaliwa, bado kuna tabibu wa meno anayekaa miezi kadhaa bila chupa moja ya saruji hiyo.

Kwa kijana anayeuliza, ushauri wangu ni kwamba asome, kwa kuwa kazi hii ina heshima na inaondoa maumivu siku ile ile. Aingie akijua kwamba kufungua kliniki yake mwenyewe kunahitaji mtaji mkubwa, na kwamba mikoani, kwa daktari atakayevumilia miaka ya mwanzo, ushindani ni mdogo kuliko mjini. Asiwadharau pia mafundi wa maabara ya meno na mafundi wa vifaa tiba, ambao huku tunawatafuta kwa tochi.

Kwa halmashauri, ombi langu ni kwamba kibali cha daktari wa meno kisiombwe peke yake. Kiambatane na orodha ya vifaa vya kuzibia, fungu la matengenezo ya kiti na jina la fundi atakayekihudumia. Hospitali inayoziba meno hulipwa kwa huduma hiyo, ama na mgonjwa mwenyewe ama na bima, na mapato hayo yakirudishwa katika chumba hicho hicho yatanunua dawa ya kuziba ya mwezi unaofuata.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Daktari wa kinywa na meno,
Singida