Kuwa katikati ya ramani hakuhamishi mzigo

Mhariri,

Kwa miaka mingi nimelisoma gazeti lako bila kushika kalamu, lakini taarifa yenu ya ukurasa wa biashara, ile iliyousifu mji ulio katikati ya nchi kuwa kitovu cha asili cha kusafirisha na kusambaza mizigo, imenishinda kuimeza. Mwandishi wako alichora duara kwenye ramani, akatuhesabia wateja wanaofikiwa na lori kwa siku moja, akafunga hoja. Kuchora duara hata mtoto wa shule anaweza.

Ushahidi wake ulikuwa Memphis, mji wa Marekani, na hapo ndipo alipojikwaa. Ni kweli kwamba FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, ilianza kazi hapo Aprili 1973, ikiwa na ndege 14 na vifurushi 186 usiku wa kwanza. Lakini Marekani ina miji mingi iliyo katikati. Memphis ilipendwa pia kwa sababu hali ya hewa haiufungi uwanja wake mara kwa mara, na kilichoujengea jina ni nidhamu ya usiku: ndege hutua zikifuatana, mizigo huchambuliwa na kupakiwa upya, na kabla ya alfajiri zimeshapaa. Mbona hakuigusa Chicago, ambako hupita takriban robo ya mizigo ya reli ya Marekani? Angelazimika kueleza ilikuwaje behewa likaweza kutumia zaidi ya siku nzima kuuvuka mji huo, na kwa nini makontena yalishushwa katika yadi ya kampuni moja, yakapakiwa kwenye malori na kukatizwa mitaani ili yapandishwe treni ya kampuni nyingine. Hata hiyo Memphis ilionja adha ya kupitisha kila kitu mahali pamoja: Mei 2021 ulionekana ufa katika boriti ya daraja la barabara kuu ya I-40, daraja likafungwa kwa zaidi ya miezi miwili, malori yakabanana kwenye daraja la zamani la I-55, na matishari ya Mto Mississippi yakasimamishwa kwa siku kadhaa.

Mimi mwenyewe niliagiza vipuri vya pampu kutoka mji jirani, safari ya asubuhi moja. Kreti langu lilipelekwa kwanza kwenye hicho kitovu, mbali kuliko lilikotoka, kwa maelezo kwamba ndivyo mtandao unavyofanya kazi, nami sikubisha, kwa kuwa naelewa kwamba kukusanya mizigo pamoja hupunguza gharama. Halikufika. Nilipokwenda kuuliza, karani alitazama kompyuta yake na kuniambia kwa upole kwamba mzigo umeshaondoka, ilhali nyuma yake, upande wa pili wa wavu wa ghala, kreti lenye jina langu lilikuwa juu ya paleti, limefunikwa nusu na turubai. Nililinyooshea kidole. Akatazama kidole, akarudi kwenye kompyuta, akarudia kwamba umeondoka, na kwamba hawezi kuutoa mzigo ambao, kwa mujibu wa kumbukumbu zao, haupo! Je, mhariri, huyo alihitaji kukaa katikati ya nchi ili kuniambia hivyo? Hasara ya mizigo hutokea kizingitini, pale mzigo unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, na taarifa yenu haikutenga hata aya moja kwa kizingiti hicho.

Wala haikuwataja madereva. Nje ya lango niliyaona matrela yamejipanga hadi kwenye kona, baadhi yao yakiunguruma ili shehena za baridi zisiharibike, na wanaume wazima wakiomba ruhusa ya kutumia choo cha walinzi. Muda huo wa kungoja wengi wao hawalipwi, kwa sababu mshahara huhesabiwa kwa kilometa, na foleni haina kilometa.

Napendekeza basi kwamba kila mji unaojiita kitovu usimike ubao mkubwa langoni, wa kuonyesha saa ambazo kontena la kawaida lilikaa juma lililopita tangu kushushwa hadi kutoka, pamoja na idadi ya vyoo vya madereva vinavyofanya kazi. Mwandishi wako apewe jukumu la kuvihesabu, aende akiwa ndani ya trela, na asishuke mpaka litakapopakuliwa.

Msomaji wenu wa siku nyingi