Barua ya Wazi kwa Afisa wa Wanyamapori: Zibeni Pengo Linalowatoa Nyati Msituni

Mheshimiwa Afisa,

Kwa heshima zote, nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako zilipigwa muhuri, kisha sikusikia neno. Alfajiri ya Jumanne iliyopita, nyati dume alimpiga pembe mama jirani yetu aliyekuwa akienda kuchota maji mtoni, na sasa amelazwa akiwa amevunjika nyonga.

Uliwaambia wazee barazani kwamba mnyama huyo alipotea njia na kwamba atarudi mwenyewe. Hakupotea, Mheshimiwa. Sisi tunaoishi ukingoni mwa msitu wa Aberdare tunamjua nyati. Majike na ndama hukaa kwa makundi, lakini madume wakongwe hujitenga, wakaishi peke yao au wawili watatu, karibu na maji na matope ya kugaagaa, wala hawapendi kuhamahama. Jua likiwaka hujilaza kichakani wakicheua, na usiku hutoka kula nyasi. Dume wa namna hiyo hana kundi la kumkinga, kwa hiyo ukimfumania karibu ni rahisi akuvamie kuliko akukimbie. Huyu amekwisha kulizoea bonde letu, na kwa kuwa nyati hana budi kunywa maji kila siku, atakuwa pale mtoni kesho na keshokutwa, mahali pale pale wanapochota watoto wetu.

Alipitia pale mti ulipouangukia uzio wa umeme wakati wa masika. Uzio huo wa takriban kilomita 400 ulianza kujengwa mwaka 1989 ukakamilika mwaka 2009, na nyaya zilipokuwa na umeme tulilima viazi bila kukesha. Siku hizi nyasi zimeota hadi kugusa nyaya, na nadhani umeme wote unapotelea ardhini, maana wafyekaji hatuwaoni tena. Uliahidi mbele yetu sote kwamba mti ungeondolewa kabla ya mavuno. Tumevuna kilichosazwa, na mti bado umelala pale pale.

Tunajua kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inataja fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya anayeuawa. Hatukuomba kulipwa maiti. Wala hatuombi nyati apigwe risasi, kwa kuwa msitu ni wake na akirudishwa ndani atakaa na nyasi zake. Tunaomba mti uondolewe, uzio uzibwe na umeme urudishwe. Uzio uzibwe wiki hii, Mheshimiwa, kwa sababu mtoni tunakwenda kila asubuhi.

Wako,
Mkulima wa ukingoni mwa msitu